Kwa nini midomo na sauti huachana katikati ya tamasha: kulandanisha na kuhariri picha za kamera tatu

Swali la msomaji: Nilirekodi tamasha la kwaya mjini Morogoro lililochukua saa moja na dakika ishirini. Nilitumia kamera mbili za kubadilisha lenzi, simu moja, na rekoda ndogo iliyochomekwa kwenye mashine ya kuchanganyia sauti ya fundi mitambo. Mwanzoni nilipiga kofi moja mbele ya kamera zote, na kwenye kompyuta nikalandanisha kila kitu kwa kofi hilo. Nyimbo za mwanzo ziko sawa, lakini kamera ya kwanza inachelewa kidogo kidogo hadi inafikia fremu nne (picha moja moja zinazounda video) mwishoni. Kamera ya pili iko sawa kwa muda mrefu, kisha inaruka ghafla. Na simu haitabiriki, mara iko mbele ya sauti, mara iko nyuma. Nirekebisheje, na nichagueje picha ya kamera ipi ionekane wakati gani? Je, ninunue vifaa vya taimukodi, yaani vya kuandika alama za saa ndani ya kila rekodi?

Jibu: Ndugu msomaji, umenirahisishia kazi kwa kueleza namna kila kamera inavyokosea, kwa sababu namna hiyo ndiyo inayofichua chanzo. Kofi moja la mwanzo linathibitisha jambo moja tu, kwamba vifaa vyako vyote vilikuwa pamoja katika sekunde ile. Halisemi lolote kuhusu dakika ya arobaini. Ulicho nacho ni matatizo matatu yasiyohusiana, yaliyokutana katika kazi moja, na ukijaribu kuyatibu yote kwa kusogeza klipu huku na huku utaupatia wimbo wa tano na kuukosesha wa sita.

Kwanza amua nani ni kiongozi, na kiongozi awe sauti ya rekoda. Ilirekodiwa mfululizo bila kukatika, ndiyo safi kuliko zote, na sikio hugundua sauti iliyokatwa au kuvutwa haraka kuliko jicho linavyogundua fremu moja iliyokosekana. Ilaze chini kabisa ya taimlaini, yaani mstari wa muda katika programu ya kuhariri, ifunge isiweze kusogea, kisha chukulia kwamba muda wake ndio muda halisi wa tamasha. Kuanzia hapo kila kamera ndiyo inayosogezwa kuifuata rekoda, na rekoda haisogezwi kuifuata kamera yoyote.

Kamera ya kwanza, ile inayochelewa polepole, haina ubovu wowote. Kila kifaa cha kurekodi huhesabu muda wake kwa kipande cha kioo cha kwazi kinachotetemeka, na vioo viwili havitetemeki sawasawa kabisa. Joto nalo huongeza tofauti hiyo. Kioo kikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, jambo ambalo ni la kawaida kwa vifaa vya bei ya kati, kosa lake ni sekunde 0.072 kwa saa moja. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni sekunde 0.04, kwa hiyo hapo tayari pamepotea karibu fremu mbili. Na ikiwa kifaa kimoja kinakimbia huku kingine kikichelewa kwa kiasi hicho hicho, tofauti huwa mara mbili. Fremu zako nne kwa dakika 80 ni tofauti ya sehemu 33 katika milioni. Picha inachelewa kwa sababu saa ya kamera inakimbia kidogo kuliko ya rekoda, hivyo kamera imehesabu fremu nyingi kuliko inavyopaswa, na fremu hizo zikichezwa kwa kasi ya 25 huchukua muda mrefu kuliko sauti.

Wengi hukimbilia kubadilisha kasi ya klipu nzima. Kimsingi ni sahihi, lakini marekebisho unayohitaji ni kuongeza kasi hadi asilimia 100.0033, na kisanduku cha kasi katika programu nyingi hakipokei desimali za udogo huo. Njia ya mhariri ni nyepesi zaidi. Kosa lako linakua kwa fremu moja kila dakika 20, kwa hiyo kata klipu ya kamera karibu na dakika ya 10 na usogeze sehemu yote inayofuata kushoto kwenye taimlaini, ianze mapema kwa fremu moja. Fanya hivyo tena karibu na dakika ya 30, ya 50 na ya 70. Kwa mpango huo kosa halizidi nusu fremu mahali popote. Mkato wenyewe uuweke wakati wa makofi, au wakati waimbaji wanapopanga mistari upya, ambapo hata hivyo utaonyesha kamera nyingine, na hakuna mtazamaji atakayejua kwamba fremu nne zimeondoka.

Hapa ni lazima nitaje kosa jingine linalofanana na hilo kwa sura ila si kwa ukubwa. Ukikuta picha na sauti zimeachana kwa sekunde tatu na nusu hivi kwa saa, tatizo si kioo bali ni kasi ya fremu iliyosomwa vibaya: picha ya fremu 29.97 imechukuliwa kuwa ya fremu 30, au kinyume chake. Tofauti hiyo ni ya sehemu moja katika elfu, nayo ni sekunde 3.6 kwa saa. Tiba yake ni kuingia katika sifa za klipu na kuiambia programu kasi halisi, wala si kukata popote.

Kamera ya pili inaruka ghafla kwa sababu haikurekodi faili moja. Kadi za hadi gigabaiti 32 hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili kuzidi gigabaiti 4, kwa hiyo kamera hufunga faili na kufungua jingine wakati wa kurekodi. Zipo zinazofanya hivyo bila kupoteza kitu, na zipo zinazopoteza fremu kadhaa katikati. Aidha, kamera nyingi za picha za miaka iliyopita zilijizima zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya ilikuwa ikihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru wake. Kodi ya huko ndiyo iliyowafanya mafundi wa huku wakimbilie kitufe katikati ya ubeti. Vyovyote ilivyokuwa kwako, usiunganishe mafaili hayo mwisho kwa mwanzo ukadhani yanaendelezana. Kila faili ni klipu inayojitegemea na lilandanishwe na rekoda peke yake.

Jambo dogo linalohusiana na hilo: kama kamera yako hurekodi kwa mfumo wa AVCHD, usinakili mafaili ya picha peke yake kutoka kwenye kadi. Nakili folda nzima kama ilivyo, pamoja na mafaili madogo yanayoonekana hayana kazi, kwa kuwa humo ndimo mna maelezo yanayoiwezesha programu kuunganisha vipande bila pengo la sauti.

Simu ndiyo ngumu. Kamera za kawaida hupiga fremu kwa vipindi sawa, lakini simu nyingi hubadilisha vipindi hivyo kadiri mwanga unavyopungua, joto linavyopanda, au prosesa inavyolemewa. Faili linaandikwa kuwa la fremu 30, ilhali ndani yake kuna sekunde zenye 30, nyingine 29, na gizani hata chini ya hapo. Programu ya kuchezea video husoma muda wa kila fremu na kuionyesha kwa wakati wake, ndiyo maana ukiitazama kwenye simu yenyewe huoni kasoro. Baadhi ya programu za kuhariri hupanga fremu kana kwamba zimelingana, na hapo ndipo midomo huanza kutangatanga. Kwa klipu ya namna hiyo kusogeza hakusaidii, kwa kuwa kosa halina mwelekeo mmoja. Ibadilishe kwanza iwe ya kasi isiyobadilika, kwa programu ya HandBrake au Shutter Encoder, ambazo zote ni za bure: chagua kasi thabiti ya fremu 30, weka ubora wa juu, sauti iwe ya kilohezi 48, na faili la asili ulitunze. Kisha landanisha faili jipya. Baada ya hapo simu itakuwa na ugonjwa wa kawaida wa kuachana polepole, ambao tayari unaijua tiba yake.

Sasa kuhusu namna ya kulandanisha yenyewe. Programu za kuhariri za DaVinci Resolve, Premiere Pro na Final Cut Pro zote zinaweza kulinganisha mawimbi ya sauti ya kamera na ya rekoda na kuzipanga klipu zenyewe, mradi maikrofoni ya kila kamera ilikuwa imewashwa. Tumia uwezo huo, lakini usiuamini bila kukagua, na kwa kwaya zipo sababu mbili za pekee. Ya kwanza ni kwamba kwaya ikiimba juu ya muziki uliorekodiwa tayari, kiitikio cha kwanza na cha tatu huweza kufanana mno, na programu ikaibandika klipu fupi kwenye kiitikio kisicho chake. Kosa hilo ni kubwa na huonekana upesi. Ya pili haionekani upesi, nayo ni umbali.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20, na huongeza kasi kidogo katika joto. Katika muda wa fremu moja inakwenda mita 14 hivi. Kamera iliyo nyuma ya ukumbi, mita 28 kutoka jukwaani, inaona mdomo ukifunguka papo hapo lakini inasikia fremu mbili baadaye, ilhali rekoda iliyochomekwa kwenye mashine ya sauti haina ucheleweshaji huo. Programu inapolinganisha mawimbi inalinganisha sauti na sauti. Inaivuta klipu ya kamera ya nyuma kushoto, ianze mapema kwa fremu mbili, na matokeo yake picha inaitangulia sauti. Wimbi limekaa juu ya wimbi vizuri kabisa, na mpiga ngoma bado anaonekana akipiga kabla ya mlio. Spika iliyowekwa karibu na kamera hupunguza au kuondoa tofauti hiyo, kwa hiyo usifanye hesabu ya mita peke yake: tafuta mahali ambapo fimbo inagusa ngoma au viganja vinakutana, simamisha fremu, na uangalie kama kilele cha wimbi la rekoda kiko hapo.

Usitafute usahihi usiohitajika, hata hivyo. Pendekezo namba BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua kosa pale sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hawagundui mpaka ifike milisekunde 125 hivi. Hilo halishangazi, kwa kuwa tangu kuzaliwa tumezoea kuona shoka likitua kabla ya kusikia mlio wake. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua, afadhali sauti ichelewe fremu moja kuliko itangulie fremu moja.

Ipo alama moja ya kulandanishia ambayo wengi wanayo katika picha zao na hawaitumii, nayo ni flashi ya mpiga picha za mnato. Katika tamasha, kama katika harusi, flashi hulipuka kila mara, na mwanga hauna ucheleweshaji wa umbali: fremu iliyong'aa kwenye kamera ya mbele na fremu iliyong'aa kwenye kamera ya nyuma ni ya wakati mmoja. Usishangae ukiona mwanga umeshika nusu ya fremu tu, kwani vihisi vya kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Landanisha kamera zako zote tatu kwa flashi, kisha uhusishe kamera moja tu, ile iliyo karibu zaidi na jukwaa, na sauti ya rekoda kwa mpigo wa ngoma. Tafuta flashi nyingine katikati na nyingine karibu na mwisho uone kama bado zinakubaliana. Kwa tamasha ambalo limekwisha kurekodiwa na haliwezi kurudiwa, sijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Unapokagua, tumia spika au visikizi vya waya. Visikizi vya Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi kinachoweza kuzidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mhariri anayevitumia hujikuta akisahihisha kosa lililo masikioni mwake.

Klipu zote zikishakubaliana mwanzo, katikati na mwisho, ndipo uzifanye kuwa klipu moja ya kamera nyingi, si kabla. Mradi wako uwe wa fremu 25, kwa kuwa kamera zako mbili ziko hapo, na uweke kasi hiyo kabla ya kuingiza chochote, maana Resolve haikuruhusu kuibadilisha baadaye. Simu ya fremu 30 ndani ya mradi wa fremu 25 haitapoteza muda, ila itakuwa na mtikisiko mdogo kwenye miondoko ya haraka. Kwa sababu hiyo itumie kwa sura zilizotulia na usiipe kazi ya kuonyesha wachezaji.

Kompyuta yako ikilemewa na video tatu kwa pamoja, tatizo mara nyingi ni namna picha zilivyobanwa kuliko ukubwa wake. Katika H.264, mfumo wa kubana video unaotumiwa na kamera nyingi, fremu nyingi hazikuhifadhiwa nzima, hivyo kompyuta hulazimika kuzijenga upya kila unaporuka kutoka kamera moja kwenda nyingine. Tengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kwa mfumo wa ProRes Proxy au DNxHR LB, ambao ni rahisi kwa kompyuta kuufungua. Kwa picha ya 1080 yenye fremu 25, DNxHR LB huhitaji takriban gigabaiti 16 kwa saa kwa kila kamera, yaani kama gigabaiti 65 kwa tamasha lako lote, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu itarudi yenyewe kwenye mafaili ya asili.

Rangi zisawazishe kabla ya kuanza kukata. Chagua kamera iliyo bora kuwa kielelezo, simamisha fremu ambayo kamera zote zinaonyesha sare ile ile, linganisha weupe wa kola kwanza na ngozi za watu baadaye. Marekebisho hayo yawekwe kwenye klipu za msingi zilizo ndani ya klipu ya kamera nyingi ili yafuate kila mkato, vinginevyo utayarudia mara mia.

Ukifika kwenye kuchagua picha, cheza wimbo mzima bila kusimama, ukibonyeza namba 1, 2 au 3 kila unapotaka kubadilisha kamera, kisha rudi na usogeze mikato iliyochelewa. Itakuwa mingi, kwa sababu kidole hufuata sikio: unamsikia mwimbaji wa pekee ameanza ndipo unakumbuka kumwonyesha. Mkato wake unapaswa kutua anapovuta pumzi, kabla neno la kwanza halijatoka. Sauti nne zinapoingia kwa zamu, mpe mtazamaji kundi linaloingia, hata kama kundi hilo limekaa vibaya kidogo katika picha. Kwa miondoko ya kwaya zetu nina msimamo mkali kidogo: onyesha miguu. Hatua zilifanyiwa mazoezi kwa majuma mengi, na mhariri anayebaki kwenye nyuso kuanzia mwanzo hadi mwisho ametupa nusu ya kazi ya mwalimu wa kwaya. Unapokata kutoka kamera moja hadi nyingine wakati watu wanatembea, kata mguu unapogusa chini, na ukague kwamba ni mguu ule ule pande zote mbili za mkato. Kosa la fremu mbili ambalo mdomoni lisingeonekana, hapo linaonekana wazi. Na usibadilishe picha kwa sababu tu sekunde kadhaa zimepita. Mwimbaji anayeimba kwa hisia huweza kuubeba ubeti mzima katika picha moja.

Swali lako la mwisho ni la vifaa. Visanduku vidogo vya taimukodi vinavyochomekwa kwenye kila kamera ni vizuri sana, na vile vinavyojulikana hutangazwa kuwa haviachani hata fremu moja kwa siku nzima. Lakini elewa vinachofanya kwa kamera za aina yako: huandika saa kwenye njia ya sauti, ili programu ijue kila faili lilianza lini. Haviifanyi saa ya ndani ya kamera itembee kwa usahihi zaidi; hiyo ni kazi ya kamera zenye tundu la kuongozwa na saa ya nje, ambazo bei yake ni ya studio za televisheni. Taimukodi ingekuokolea muda kwenye kamera ya pili yenye mafaili mengi, isingeitibu simu, na kamera ya kwanza bado ingetaka ile mikato minne.

Kwa hiyo usinunue sasa. Fedha hiyo inunulie kadi kubwa za exFAT, mfumo usio na kile kikomo cha gigabaiti 4, na chanzo cha umeme kitakachozuia kamera zisisimamishwe katikati. Kwenye simu weka Blackmagic Camera, programu ya bure inayokuruhusu kuchagua fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, uifunge kwenye 1/50 ya sekunde kwa vifaa vyote, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za kumbi humeta mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/60 ndiyo huleta ile mistari inayopanda na kushuka ukutani. Acha maikrofoni za kamera zote zikiwa zimewashwa. Kisha mwombe mwimbaji mmoja asimame mbele ya jukwaa apige makofi matatu yanayoonekana na kamera zote kabla ya wimbo wa kwanza, na ayarudie baada ya wimbo wa mwisho, kabla hujazima kifaa chochote. Tamasha likija kuwa la saa tatu au nne, lenye kamera tano zinazowashwa na kuzimwa na watu tofauti, hapo niandikie tena kuhusu taimukodi, na jibu langu litakuwa tofauti.